Dawa ya Akili Iliyohama

"Mama Sweta, hebu niambie wewe mwenyewe, hii nimvalishe nani?"

Mwalimu wa stoo aliishika ile sweta kwa ncha za vidole, akaipeperusha mbele ya wazazi waliopanga foleni kununua sare. Alikuwa ameagiza sweta za darasa la saba, wale wavulana wanaoanza kuota ndevu na wasichana wanaowapita walimu wao kwa urefu. Alichokishika kilikuwa kisweta cha mtoto mdogo. Akamwita msichana mmoja mrefu aliyekuja na mama yake, akamvalisha kwa nguvu. Mikono iliishia kwenye viwiko na kitovu kikabaki nje. Foleni nzima ikaangua kicheko, na msichana mwenyewe akainua mikono juu ili watu wa nyuma nao wasikose uhondo.

Fundi alicheka pamoja nao. Kuna aibu ambazo mwenyewe akiwahi kuzichekea hupungua makali, na mwanamke huyu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sweta kwa sababu ya mashine yake ya kufuma, alikuwa amepata mazoezi ya kutosha siku za karibuni.

"Nitazifumua, mwalimu. Nitazirudia zote."

"Utazirudia mara ngapi? Juzi kola zilikuwa za kumnyonga mtoto. Nikanyamaza. Baadaye ukaniletea mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi. Nikasema fundi naye binadamu. Na leo?" Mwalimu akashusha sauti, na hiyo ndiyo iliyomuuma fundi zaidi, maana mtu akikufokea bado anakuona mzima. "Akili yako iko wapi, mama yangu? Una mgonjwa nyumbani?"

"Hapana, mwalimu. Wote wazima."

"Basi tafuta dawa. Shule zikifunguliwa sina sweta, mimi nitafukuzwa kazi. Na mimi nikifukuzwa, wewe tenda huna."

Akazifunga sweta zote furushi, akamtwisha mwenyewe.

Akili yako iko wapi. Swali hilo aliulizwa sokoni alipolipia kitu akakiacha, akaulizwa na mumewe chai ilipotiwa chumvi, akaulizwa hata na muuza uzi. Jibu alikuwa nalo mdomoni kila mara. Akili yake ilikuwa mji mwingine, kwa wifi yake, pembeni ya binti yake wa pekee, aliyeitwa Kidoti kwa sababu ya alama iliyokaa chini ya jicho la kushoto. Lakini hilo si jibu la kumpa mtu kwenye foleni ya sare.

Wifi yake alikuwa mjane asiyejaliwa mtoto. Aliomba apewe Kidoti amchangamshie nyumba, asome huko kwenye shule nzuri, mpaka amalize msingi. Mume alikuja kumweleza mkewe hali amekwisha kukubali. "Dada ndiye aliyenilea," alisema akiangalia sakafu. "Leo ananiomba mimi. Nimkatalie kwa mdomo upi?" Fundi akasema sawa. Kulitamka neno lenyewe hakukuchukua hata pumzi nzima. Kazi ilikuja baadaye, kila siku, kuanzia asubuhi.

Husemwa asiyekuwapo na lake halipo. Aliyesema hivyo hakuwahi kuingia nyumba hii. Humu asiyekuwapo ndiye aliyekuwa na kila kitu. Kigoda cha kando ya mashine kilikuwa chake, pale alipokuwa akikaa kuviringa uzi na kuuliza maswali yasiyo na mwisho. Kikombe chenye mpini uliovunjika kilikuwa chake, na hakuna aliyethubutu kukinywea. Fundi alipofuma, sikio lake la upande wa kigoda lilikuwa likisubiri kuulizwa kitu.

*

Mumewe alikuwa mchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi. Mteja alitaja rangi aipendayo, naye akadondosha matone ya rangi kali kwenye ndoo nyeupe, akakoroga, akaongeza tone, mpaka ikatoka. Kazi hiyo ilimfanya aamini kwamba hakuna kilichoharibika duniani kisichoweza kurekebishwa kwa kuongezewa kitu kidogo. Aliposikia ya sweta, siku yake ya mapumziko ilipofika alimchukua mkewe wakaenda duka la dawa.

"Karibuni. Mgonjwa nani?" aliuliza dada wa duka.

"Hakuna mgonjwa," mume alijibu. "Ni umakini tu. Akili haitulii kwenye kazi. Nimesikia siku hizi kuna vidonge."

Dada akapanga chupa tatu juu ya kaunta. Moja ilikuwa ya mafuta ya samaki. Nyingine ilikuwa ya majani ya mti wa nchi za mbali, ambayo watu husema yanasukuma damu kichwani. Ya tatu ilikuwa na nguvu ya kahawa ndani yake.

"Ila nisiwadanganye. Hivi ni virutubisho. Wako waliorudi kunishukuru, wako waliorudi kunisema. Mtu akikosa umakini, kwanza tunauliza habari za usingizi, chakula na mawazo. Mama, unalala vizuri?"

"Analala," alisema mume.

"Nimemuuliza yeye, baba."

"Nalala," alisema fundi.

"Hakuna jambo linalokusumbua?"

Fundi akamtazama mumewe. Alikuwa ameisogeza chupa mbali na macho, anasoma maandishi madogo huku midomo ikicheza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba kimoyomoyo kwamba yaliyoandikwa pale yawe kweli. Viatu vyake vya kazini vilikuwa vimeanza kuachia vidole kuchungulia barabara, na pesa aliyokwisha kuitoa mfukoni ndiyo iliyokuwa ya viatu. Mkewe akamwonea huruma.

"Siku hizi nani hana linalomsumbua, dada?" alisema.

Wote watatu wakacheka na jambo likapita. Laiti yule dada angeuliza mara ya pili, fundi angesema yote palepale, mbele ya dawa za kikohozi. Lakini wateja wengine walikuwa wanasubiri.

Habari za dawa hazifichiki mtaani. Hata kabla chupa hazijapata mahali pa kukaa, jirani aliyeitwa Mama Afya alikwisha fika na kopo lake la unga wa kijani. Huyu alikuwa akiuza unga wa kila maradhi, na kila maradhi aliwahi kuugua yeye mwenyewe.

"Shoga, mimi kichwa changu kilikuwa gunia lililotoboka! Naweka kitu jikoni, nakisahau. Kijiko kimoja tu asubuhi, basi."

"Sasa unakumbuka?"

"Kila kitu, nakwambia!"

Harufu ya kuungua ikawafikia kutoka upande wa nyumba yake. Mama Afya akanusa, akatoa macho, akatoka mbio kandambili mkononi. Fundi na mumewe walicheka mpaka wakashikana mabega, kicheko cha kweli, na katikati ya kicheko hicho wote wawili wakageuka kwa pamoja kukitazama kigoda, kuona kama Kidoti naye anacheka. Mume ndiye aliyetangulia kuinamisha uso.

*

Asije mtu akasema vidonge havikufanya kazi. Vile vya nguvu ya kahawa vilimpandisha fundi moyo ukamdunda mpaka akausikia masikioni. Siku hiyo alikaa kwenye mashine asubuhi na mapema, na kigari cha mashine kikaenda na kurudi, kikaenda na kurudi, bila uzi kukatika wala tundu kuruka. Hakusikia muuza maji akipita. Hakusikia simu. Akafuma vifua, akafuma migongo, akafuma mikono, akaunga. Mume aliporudi jioni alikuta sweta zimetandazwa kitanda kizima, safi, kola zimekaa, mikono inalingana. Mkewe alikuwa amesimama pembeni, macho mekundu, anatabasamu kwa fahari.

"Umeona?" alisema. "Umeona mwenyewe?"

"Nimeona! Si nilikwambia?" Mume alizipapasa kwa furaha. Kisha, kwa mazoea ya mtu anayefanya kazi ya vipimo, akachukua utepe akapima moja. Akapima ya pili. Akainua ya tatu, akaitandaza juu ya ile ya pili, akainua nyingine. Furaha ikaanza kumtoka usoni kidogo kidogo.

"Mama Kidoti. Hizi zote ni saizi moja."

"Haiwezekani. Nimefuata karatasi ya mwalimu."

"Njoo uone."

Alikuja akaona. Hakuna hata moja iliyokuwa ya darasa la saba. Zote zilikuwa za msichana mwembamba wa miaka minane, mwenye mikono mirefu kidogo kuliko wenzake, maana alirithi mikono ya baba yake. Mikono hiyo mirefu haikuandikwa kwenye karatasi ya mwalimu yeyote. Umakini wote ule ulionunuliwa kwa pesa ya viatu ulikuwa umefanya kazi siku nzima, tena kazi nzuri, ya kumfumia mtoto mmoja.

Mume aliishika sweta moja kwa mabega, akaishusha mbele ya tumbo lake, hapo hasa ambapo kichwa cha mtoto hufika akimkimbilia baba yake mlangoni. Akakaa hivyo. Fundi akasubiri. Alitamani mumewe alitaje jina la mtoto, alitaje tu, hata kwa kulaumu, halafu yeye amalizie mwenyewe. Mume akaikunja ile sweta vizuri, akairudisha kitandani.

"Labda dozi ni ndogo," alisema. "Labda uwe unameza na mchana."

*

Mzigo kutoka kwa wifi uliletwa na basi la mizigo. Ndani mlikuwa na chupa kubwa, nzito, yenye picha ya kichwa cha mtu kilichozungukwa na miale. Kabla fundi hajaifungua vizuri, simu ikaita.

"Wifi! Umepata? Kaka kanieleza, nikasema hapana, wifi yangu hawezi kuhangaika na vidonge vya vichochoroni na mimi nipo. Hivyo ni vya maana. Nimeagiza mahali pa uhakika."

"Ahsante sana, wifi. Umejisumbua."

"Nisumbuke wapi! Niliagiza pamoja na vya Kidoti, nikalipia usafiri mara moja."

Fundi alikuwa amesimama. Akakaa juu ya kile kigoda, ambacho tangu mtoto aondoke hakuwahi kukikalia.

"Kidoti anakunywa vya nini?"

"Aa, si jambo la kukutisha. Mwalimu wake ndiye kaniita. Kasema mtoto ana akili lakini umakini hana. Ameketi dirishani, anaangalia nje tu. Anaulizwa hesabu za leo, anajibu za jana." Wifi akacheka, kicheko cha upendo kabisa, kisicho na ubaya hata chembe. "Nikajisemea, kumbe ni ugonjwa wa kurithi! Mama huko, mtoto huku!"

"Nipe niongee naye, wifi."

Kukasikika miguu midogo ikikimbia sakafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Eti unakunywa dawa?"

"Ndiyo. Ina ladha ya chungwa."

"Inatibu nini?"

"Nisiwe naangalia nje."

"Nje kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kuna barabara."

"Sasa barabara unaiangalia ya nini, Kidoti?"

Mtoto alijibu kwa subira, kama anayemweleza mtu mzima jambo ambalo kila mtu anapaswa kulijua.

"Si ndiyo uliyopita ulivyoondoka? Darasa letu liko juu, mama. Ukija mimi ndiye nitakuona wa kwanza."

Fundi alisema haya mwanangu, akasema usome sana, akasema msalimie shangazi. Maneno yalitoka yenyewe. Alipoiweka simu chini alilia, na hakulia kistaarabu. Alilia kwa sauti mpaka Mama Afya akaita kupitia dirishani kuuliza kama kuna msiba.

*

"Nakwenda kumchukua mwanangu," alimwambia mumewe hata hajavua viatu.

"Na tenda ya shule?"

"Mwalimu nimekwisha kumwambia ampe fundi mwingine."

"Mama Kidoti!" Mume akashika kichwa. "Na dada je? Nimwambie nini dada? Mtu aliyeninunulia madaftari mpaka nikamaliza shule, yeye mwenyewe hakusoma. Nimnyang'anye?"

"Usimwambie kitu. Nitasema mimi. Wewe umeninunulia dawa ya kutuliza akili, nimemeza zote sikubakiza. Haya, imetulia. Na ilipotulia imeniambia jambo moja tu, kwamba nina mtoto, na mtoto wangu anapewa dawa ili asiningoje."

Mume akakaa kitandani, juu ya sweta. Akaviringa ufunguo wa duka kidoleni.

"Juzi," alisema, "kaja mteja, anataka rangi ya kijivu, ndoo nzima, ya kupaka ofisi. Nimekoroga vizuri, nimefunika, amekwenda zake. Amerudi anafoka. Nafungua, ni waridi. Ile waridi ya Kidoti, aliyotaka tupake mlango." Akautia ufunguo mfukoni. "Wamenikata kwenye mshahara. Sikukwambia. Na zile chupa zako, ukiona zinaisha haraka, ni kwamba na mimi nilikuwa nachomoa viwili viwili."

Fundi alimwangalia mwanaume huyu aliyekuwa akimtibu, na akaona jinsi upweke wao ulivyokuwa wa kipumbavu, watu wawili wanalala kitanda kimoja, kila mmoja anamficha mwenzake ugonjwa uleule. Akaketi pembeni yake, akamshika mkono wenye rangi kwenye kucha.

"Twende wote," alisema.

"Hapana. Nenda wewe. Mimi nikimwona dada analia nitarudi mikono mitupu, najijua."

*

Wifi alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Kisha akatazama nyuma ya mgeni, akatazama chini, mkoba mmoja mdogo tu, na mikono yake ikalegea.

"Hujaja kukaa," alisema.

"Hapana, wifi."

Kidoti alikuwa amekwisha kumrukia mama yake kiunoni na hakukubali kubanduka, kwa hiyo waliongea mtoto akiwa katikati yao mpaka shangazi akamtuma kwa majirani awaage wenzake. Alipotamka neno kuaga, kila kitu kilikuwa kimekwisha kusemwa, lakini watu hawawezi kuachia hapo.

"Kuna kitu nimemkosesha?" aliuliza wifi.

"Hakuna. Kanawiri, anasoma, anavaa vizuri kuliko alivyovaa kwangu. Nakushukuru mpaka kaburini."

"Basi nini?"

"Nilisema sawa, wifi. Ile sawa imenishinda kuibeba."

Wifi alitikisa kichwa, hakukubali wala hakukataa. "Kaka yangu nilimlea, nikamsomesha, nikaja kwenu kukuposa. Sikuwahi kuomba kitu. Nikaomba hiki kimoja." Akafuta meza ambayo haikuwa na vumbi. "Watu husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi methali hiyo ikitajwa kwenye kikao, huwa natafuta sababu ya kutoka nje."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, njia nzima alipanga maneno yake, na sasa hakuna hata moja lililofaa.

Wifi mwenyewe ndiye aliyefungasha nguo. Zilikuwa zimekwisha pigwa pasi, lakini alizipiga tena, moja moja, hata soksi. Akaweka madaftari, akaweka kandambili, akafunga zipu. Walipofika uani na begi, Kidoti alikuja mbio akiwa ameaga mtaa mzima, akamkumbatia shangazi yake, akapapaswa kichwa, akaanza kuvuta begi kuelekea barabarani huku akisema basi litawaacha. Wifi aligeuka akaingia ndani.

Fundi alisimama kwenye geti. Mtoto alikuwa mbele, njia ilikuwa wazi, na alichokitamani miezi yote hiyo kilikuwa kinamwita kwa jina la mama. Akaona miguu yake inarudi nyuma.

Alimkuta wifi chumbani kwa Kidoti, ameketi kwenye kile kitanda kifupi cha mtoto, magoti yamempanda karibu na kifua. Alikuwa ameshika ncha ya shuka kama anataka kulitandua, lakini hakulitandua.

"Wifi," alisema bila kuinua uso.

"Abee."

"Ile siku uliyomwacha hapa ukarudi kwako. Usiku ule wa kwanza. Uliupitishaje?"

Fundi alikuwa ameulizwa kama analala, kama anakula, kama ana mgonjwa, na akili yake iko wapi. Hili hakuna aliyewahi kumuuliza. Alishuka polepole akaketi kando ya wifi yake, na kitanda kikalalamika kwa uzito wa watu wazima wawili.

"Sijaupitisha, wifi," alisema. "Bado nimo."

Wifi akaitikia kwa kichwa. Nje Kidoti aliita mara ya kwanza, akaita na ya pili. Hakuna aliyeinuka.